Kikombe changu kimekataa kukaa mezani

SWALI

Ndugu mshauri,

Tangu nikiwa darasa la kwanza nilikuwa mtu wa kuchora. Pembezoni mwa kila daftari palijaa sura za watu, ndege na magari. Baadaye kazi na familia vikachukua nafasi, penseli ikabaki ya kuandikia orodha ya matumizi. Sasa nina miaka 41, watoto wakishalala napata nusu saa yangu, na nimenunua boksi la penseli 24, daftari na kifutio ili nianze upya.

Matokeo yananivunja moyo. Nachora kikombe: mdomo unatoka na ncha mbili kali pembeni, kitako kinakuwa mstari ulionyooka, na chenyewe kinaonekana kinaelea. Nikiwa nimeinamia daftari naona kiko sawa, ila nikilisimamisha ukutani nakuta kimerefuka. Kivuli napaka kwa kidole kikawa ukungu mchafu. Nafuta, narudia, nafuta tena, mpaka karatasi inatoa nyuzi. Sura za watu ninazonakili kutoka kwenye simu zinakosa paji la uso, sijui linapotelea wapi. Na michoro michache iliyo afadhali inachafuana yenyewe kwa yenyewe daftari likifungwa.

Je, mkono umeshakauka? Nitafute darasa kwanza? Na katika hizi penseli 24 nitumie zipi, maana nyingine sioni hata tofauti yake?

Mwenye kikombe kilichopinda

JIBU

Ndugu yangu,

Mkono wako haujakauka. Mkono unaoweza kuandika jina lako na kutunga uzi kwenye sindano una ustadi wote unaotakiwa kuchora kikombe. Tatizo ni kwamba jicho limekomaa wakati mkono umekaa bila mazoezi. Utotoni ulichora umbo lolote la mviringo, ukaliita kikombe, ukaridhika. Leo unaona kosa mara tu mstari unapotua, na ndiyo maana watu wazima wengi hukata tamaa wiki ya kwanza. Lakini soma tena barua yako: umeorodhesha makosa yako kwa usahihi ambao mwanafunzi wa kawaida hana. Kila moja lina sababu inayojulikana, na hakuna hata moja linalohitaji kipaji kulirekebisha.

Tuanze na kurefuka, kwa sababu ndilo kosa jepesi kuliko yote na linaharibu kila kinachofuata. Daftari likilala mezani unalitazama kwa mshazari. Sehemu ya juu ya ukurasa iko mbali zaidi na jicho, kwa hiyo inaonekana imefupika, nawe bila kujua unaifidia kwa kuirefusha. Ukisimamisha ukurasa, fidia yote inajianika. Tafuta ubao mwepesi au kava gumu la kitabu kikubwa, weka chini yake mapajani na juu yake uegemeze kwenye ukingo wa meza, mpaka ukurasa ukutazame uso kwa uso. Kila baada ya dakika 5 uusimamishe, urudi nyuma hatua mbili, utazame. Kosa lililogunduliwa kwenye mstari wa tatu linarekebishwa kwa sekunde. Likigunduliwa baada ya kivuli, umepoteza usiku.

Kuhusu penseli: toa HB, 2B na 4B, nyingine 21 ziweke kabatini. Tangu Nicolas-Jacques Conté wa Ufaransa alipopata hataza (haki ya mvumbuzi) ya njia hiyo mwaka 1795, kiini cha penseli hutengenezwa kwa unga wa grafiti, yale madini meusi laini, uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Udongo ukizidi, kiini huwa kigumu na mstari wake mwembamba wa kijivu. Hizo ndizo zenye herufi H. Grafiti ikizidi, kiini huwa laini na cheusi. Hizo ni za B, na namba ikipanda ulaini unapanda. HB iko katikati. Tofauti kati ya 3B na 4B ni ndogo kuliko tofauti unayoipata kwa kukaza au kulegeza mkono, ndiyo maana huioni. Boksi la penseli 24 ni zawadi nzuri kuliko lilivyo kitendea kazi.

Nyuzi kwenye karatasi zinatoka pande mbili. Ya kwanza ni karatasi yenyewe: ile ya kuchapishia, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, ngozi yake haivumilii kusuguliwa. Tafuta daftari lenye gramu 120 hadi 160, ukubwa wa A5 unatosha kuanzia. Ya pili ni kwamba unakandamiza. Ukishika penseli karibu na ncha kama unavyoandika, nguvu yote ya vidole inaishia kwenye karatasi, na penseli ngumu inachimba mfereji ambao kifutio hakiwezi kuujaza. Rangi inatoka, mfereji unabaki, na kivuli kikipita juu yake unajitokeza mweupe. Shika penseli nyuma zaidi, sentimita 6 au 7 kutoka kwenye ncha, na mistari yote ya mwanzo iwe hafifu kiasi kwamba mtu aliyekaa upande wa pili wa meza asiione vizuri.

Kisha kuna desturi ya kufuta, ambayo ningependa uiache kabisa kwa muda. Mstari uliokosea usiufute kabla hujachora ulio sahihi pembeni yake. Ule wa makosa ni kipimo: unakuonyesha umekosea upande gani na kwa kiasi gani. Ukiufuta kwanza, mkono unarudi palepale, na ndivyo unavyojikuta umefuta mara nne kuchora mstari uleule. Ukifika wakati wa kusafisha, tumia kifutio cheupe cha plastiki. Kwa kupunguza weusi bila kusugua, kuna kile laini cha kukanda kwa vidole kama unga wa chapati. Unakigandamiza na kukinyanyua, kinaondoka na grafiti.

Penseli nayo usiiangushe. Ikipiga sakafu kiini huvunjika ndani kwa ndani, na baada ya hapo kila ukichonga ncha inadondoka, ukidhani kichongeo ni kibovu.

Sasa kikombe chenyewe. Unajua kwamba meza ni bapa, na ujuzi huo ndio unaokuponza: umechora ubapa unaoujua badala ya ukingo unaouona. Fanya hivi kabla ya kuchora chochote. Nyanyua kikombe mpaka mdomo wake uwe sawasawa na macho, ufumbe jicho moja. Mdomo umekuwa mstari ulionyooka. Kishushe polepole. Mstari unafunguka kuwa duaradufu, yaani duara lililobanwa, nyembamba kisha nene, na kikifika magotini unaona karibu duara kamili. Maana yake ni kwamba kila mviringo unavyokuwa chini zaidi ya usawa wa macho ndivyo unavyofunguka zaidi. Kitako cha kikombe kilicho mezani kiko chini kuliko mdomo wake. Kwa hiyo ukingo wa chini unapinda zaidi kuliko ukingo wa mdomo. Hauwezi kupinda pungufu ya ule wa mdomo, sembuse kunyooka. Hapo ndipo kikombe chako kilipoanza kuelea. Na zile ncha mbili za pembeni hazipo kwenye kikombe chochote duniani: duaradufu haina kona, mstari unageuka taratibu na kurudi.

Kiweke kikombe kama mita moja kutoka ulipo. Kikiwa karibu mno, kila ukisogeza kichwa unaona kikombe kingine. Kwenye ukurasa weka alama mbili ndogo, ya juu kabisa na ya chini kabisa, tuseme sentimita 9 kati yake, na uape kutozivuka. Wengi huanza na mdomo kisha hushuka wakitumaini nafasi itatosha, ndipo unapokuta kikombe kisicho na kitako. Unganisha alama hizo kwa mstari hafifu wa wima. Huo ni mhimili.

Upana unaupima kwa penseli. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja, ncha ya penseli iguse ukingo mmoja wa mdomo na ukucha wa kidole gumba usimame kwenye ukingo wa pili. Sasa geuza penseli iwe wima bila kusogeza gumba, uone kipimo hicho kinaingia mara ngapi kwenye urefu wa kikombe. Kikiingia mara moja na robo, basi urefu wako wa sentimita 9 unadai upana wa sentimita 7 na milimita 2, nusu kila upande wa mhimili. Pima pia uwazi wa mdomo kwa njia hiyohiyo, ule umbali kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Watu wazima karibu wote huufungua mno, kwa sababu wanajua ndani ya kikombe kuna nafasi. Vipimo vikikataa kulingana, angalia mambo mawili: kiwiko kimekunjika kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, au penseli imeinama kuelekea kikombe badala ya kukaa kama imelala juu ya kioo cha dirisha kilicho mbele yako.

Duaradufu huchorwa na bega. Zungusha mkono mzima hewani juu ya karatasi mara mbili tatu, na mzunguko ukishatulia shusha ncha huku mkono ukiendelea, upite juu ya njia ileile mara mbili. Itatoka mistari kadhaa iliyosongamana, nayo ni sawa, utachagua ulio bora baadaye. Chora na mduara wa kitako mzima, hata nusu ya nyuma usiyoiona, kana kwamba kikombe ni cha kioo. Halafu pindua ukurasa juu chini. Upande ulionenepa kuliko mwenzake utauona papo hapo, kwa kuwa jicho halikitambui tena kikombe na linabaki kutazama umbo. Kioo cha ukutani kinafanya kazi hiyohiyo, na ndicho kinachofichua kuegemea upande mmoja, ugonjwa wa kawaida kwa mkono unaozunguka kwenye kifundo.

Kwenye kishikio usichore kishikio. Chora tundu, ile nafasi ya hewa kati yake na mwili wa kikombe, ukilitazama kama kipande cha karatasi kilichokatwa. Tundu halina jina wala kazi kichwani mwako, kwa hiyo utalichora lilivyo. Ukishalipata, unene wa kishikio unaongezwa kwa mstari mmoja tu wa nje.

Kivuli. Kwa kuwa unachora usiku, zima taa ya dari na utumie taa moja ya pembeni, juu kidogo ya kikombe, upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono wako kisiangukie unapochora. Taa mbili hutoa vivuli viwili vinavyobishana, na ndiyo chanzo kimojawapo cha ukungu wako. Chanzo kingine ni kidole. Ngozi ina mafuta, mafuta yanashika grafiti na kuilaza kwenye karatasi kwa mabaka ambayo hayafutiki vizuri. Weka kivuli kwa ubavu wa kiini cha 2B, mistari ya karibukaribu upande mmoja, kisha safu ya pili juu yake kwa mshazari kidogo. Ukitaka giza ongeza safu, usiongeze nguvu. Sehemu zenye giza kabisa ndizo za 4B.

Kabla ya kikombe, chora miraba mitano ya sentimita 2 kwenye mstari. Wa kwanza uache mweupe, wa tano ujaze kwa 4B mpaka usiweze kuongeza, kisha ujaze mitatu ya kati kwa hatua zilizo sawa. Utagundua kitu: mraba wako wa nne utakuwa karibu sawa na wa tatu. Woga wa giza ndio unaoifanya michoro ya wanaorejea ionekane imefifia. Fumba macho nusu, kama mtu aliyepigwa na jua, utazame kikombe. Maelezo madogo yanapotea na unabaki na vipande viwili au vitatu vya mwanga na giza. Hivyo ndivyo vya kuchora kwanza.

Halafu kuna mtego ndani ya kikombe. Taa ikiwa kushoto, nje ya kikombe giza liko kulia. Ndani ni kinyume: giza liko kushoto, upande wa taa, kwa sababu ukingo wa kushoto unaizuia taa isifike ukuta ulio chini yake, na mwanga unatua kwenye ukuta wa ndani wa kulia. Ukipaka giza upande mmoja ndani na nje, kikombe kinageuka gogo lililochorwa tundu juu. Angalia pia ukingo wa nje wa kulia kabisa: kuna ukanda mwembamba uliong'aa kidogo, ni mwanga unaodunda kutoka mezani. Uchore, lakini ubaki na giza kuliko sehemu yoyote iliyopigwa na taa moja kwa moja. Mstari mweusi kuliko yote uwe pale kitako kinapokutana na meza, mwembamba kama uzi, kisha kivuli cha mezani kiende kikififia kadiri kinavyokwenda mbali. Uzi huo mweusi ndio unaokikalisha kikombe mezani. Usipouweka, duaradufu nzuri kiasi gani haitakuokoa.

Kuhusu paji la uso lililopotea, halijapotea, umelifinya. Macho, pua na mdomo vinavuta umakini, nywele na paji havina jambo, kwa hiyo tunavipa nafasi ndogo. Kwa wastani, kichwa kilichotazama mbele kina macho katikati kabisa ya urefu wake, kutoka utosini hadi kidevuni. Pima kwenye picha yako kwa rula, utashangaa. Kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja, na masikio hukaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua. Kichwa kikiinama au kuinuka, vipimo hivi vyote vinahama. Picha nazo zina hila yake: aliyejipiga mwenyewe kwa mkono mmoja yuko karibu mno na kamera, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, nawe unanakili kosa la umbali ukidhani ni lako. Chagua picha iliyopigwa kutoka mita 2 hivi, mwanga ukitoka pembeni, bila mweko wa simu, kwani mweko hufuta vivuli vyote unavyovihitaji. Ila mimi nisingegusa sura mpaka vikombe vitulie. Kosa la milimita moja kwenye kikombe hakuna anayeliona, kwenye jicho la mama yako kila mtu analiona.

Nusu saa inatosha. Dakika 5 za mwanzo weka nukta mbili umbali wa sentimita 10, pitisha mkono hewani kati yake, kisha vuta mstari mmoja ukitazama nukta unayoiendea, si ncha ya penseli. Ukurasa mmoja wa mistari hiyo hulegeza bega. Zinazobaki ni za kikombe, kilekile, usiku hadi usiku, ukibadilisha tu urefu wa kiti au upande wa taa. Andika tarehe kwenye kila ukurasa na usichane hata mmoja. Kikianza kukuchosha, weka vikombe viwili, kimoja kikikinga kingine kidogo, kisha boksi la kiatu lililogeuzwa pembe, kisha kiatu chenyewe.

Darasa lisubiri. Faida yake kubwa ni jicho la pili linaloona kosa ulilolizoea, na faida hiyo huipati ukiwa bado unapambana na namna ya kushika penseli. Ukifika wakati, chagua linalokuweka mbele ya kitu halisi. Darasa la kunakili picha, hata kwa gridi (miraba inayochorwa juu ya picha), litakupa mchoro wa kutundika bila kukufundisha kukadiria umbali kwa jicho, maana gridi ndiyo inayokukadiria.

Mwisho, kuchafuana. Wakati wa kuchora weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, na kama unatumia mkono wa kulia anza kivuli juu kushoto ukielekea chini kulia. Wa kushoto afanye kinyume. Tumia upande mmoja tu wa kila ukurasa, na kati ya kurasa weka karatasi nyembamba laini, ile ya kufungia keki inafaa. Mchoro unaotaka udumu unapuliziwa dawa maalumu ya kugandisha grafiti: umbali wa sentimita 30, tabaka jepesi, liache likauke, kisha jingine, dirisha likiwa wazi na watoto wakiwa chumba kingine. Wapo watakaokushauri utumie dawa ya kupuliza nywele kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Inashika kweli, lakini baada ya muda huigeuza karatasi ya njano, na tabaka likiwa zito huacha madoa ya maji yasiyotoka.